Kreti za plastiki au matenga ya mbao kwenye nyanya: tupige hesabu ya uchafuzi bila ushabiki

#1 Mzigo wa Kitonga (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Mimi ni mtu wa nyanya. Nanunua Ilula, nashusha Dar, mara nyingi Ilala, mara moja moja Temeke Stereo. Mwaka wa tisa huu. Juzi alfajiri nashusha mzigo, akaja kijana mmoja mwenye kitambulisho shingoni, akapiga picha kreti zangu za bluu, halafu akaniambia mbele ya watu: "Mzee, nchi imeshatoka kwenye plastiki, wewe unairudisha kwa fuso." Makuli wakacheka, nami nikacheka. Lakini nimefika nyumbani lile neno halijatoka kichwani, ndiyo maana nimefungua huu uzi.

Kwa wasioijua biashara hii. Nyanya ya Ilula inasafiri kwenye tenga. Zamani tenga lilikuwa la kusuka, siku hizi wengi wetu tukisema tenga tunamaanisha boksi la mbao: mabanzi na vipande vinavyobaki kwenye mashine za kupasulia mbao, huko Mafinga na kwingine, vimepigwa misumari, randa havijawahi kuiona. Unajaza mpaka linavaa kilemba, nyanya zinapita ukingo, unafunika majani, unakaza kamba. Kisha ni kama kilomita 450 hadi Dar. Unashuka Kitonga, unaruka matuta ya Mikumi, unakaa foleni ukikaribia mjini. Tenga la chini limebebeshwa wenzake, na kwa sababu ya kile kilemba uzito haukai kwenye mbao, unakaa kwenye nyanya. Jiweke wewe mahali pa ile nyanya.

Mwaka jana nilikopa nikanunua kreti 200. Kila moja inabeba kilo 20 hivi. Kreti inakaa juu ya ukuta wa kreti nyingine, nyanya haiguswi. Mzigo uliozidi bado naupakia kwenye matenga, kwa hiyo vyote viwili vinapanda gari moja, dereva mmoja, barabara moja. Ninachokiona kwenye daftari langu: kwenye matenga kumi, nyanya za tenga moja na nusu zinafika zimepondeka. Kwenye kreti haifiki hata kreti moja kati ya thelathini.

Sasa upande wa pili, maana sitaki kujipendelea. Kreti moja nimeipima, ni kilo 2 za plastiki. Nimekwenda safari 16 na leo nimebaki na kreti 131. Hizo 69 ziko wapi? Moja nimeiona Buguruni inaogeshewa mtoto. Nyingine imegeuka kiti cha muuza kahawa pale pale sokoni, na kila asubuhi ananikaribisha niikalie.

Swali langu ni moja: nikichukua kila kitu, plastiki, mbao, dizeli na nyanya zinazooza, mimi ndiye mchafuzi au yule anayetumia matenga peke yake? Wenye elimu ya haya mambo karibuni. Wenye matusi pia karibuni, lakini muwe mmesoma.

#2 Chumvi ya Bagamoyo

Umeandika gazeti. Nimesoma lote hadi muuza kahawa. Nakaa hapa nasubiri wataalamu.

#3 Dalali Mstaafu

Mleta mada ana ajenda yake, lakini nimheshimu kwa sababu ameweka na hasara yake hadharani.

Mimi nimekaa na matenga zaidi ya miaka ishirini. Tenga ndiyo lugha ya soko. Mteja akifika haulizi kilo, anauliza "tenga shilingi ngapi?" Tenga likishamaliza safari mbili tatu, linakuwa kuni kwa mama lishe. Hakuna kinachobaki, hata msumari kuna watoto wanauokota wakauze chuma chakavu. Wewe kreti yako ikipasuka inakwenda wapi? Inakwenda mtaroni, mvua ya masika ikija inakwenda Msimbazi, Msimbazi unakwenda baharini. Huyo kijana wa kitambulisho mimi namuunga mkono.

Na msitufanye wajinga kwenye suala la kilemba. Kilemba ndicho kinachomvuta mnunuzi. Ukimletea kreti iliyosawazishwa anaona umempunja.

#4 Mhandisi wa Taka

Nimesomea haya mambo, na kazi yangu ni hiyo hiyo. Nitajaribu kuandika kwa lugha ya sokoni.

Kwanza tuelewane kuhusu kupima. Kuna njia ya kufuata kitu kuanzia kinapozaliwa hadi kinapozikwa: malighafi, kiwanda, usafiri, matumizi, jaa. Inasaidia sana, ila jibu linategemea umeamua kuhesabu nini. Mwaka 2018 mamlaka ya mazingira ya Denmark ilitoa utafiti wa mifuko ya kubebea bidhaa. Mfuko wa pamba ya kawaida, ukiangalia joto la dunia peke yake, ungepaswa kutumika mara 52 ndipo ulingane na mfuko mwepesi wa plastiki. Ukijumlisha madhara yote waliyoyapima, inakuwa mara 7,100. Mfuko ni ule ule. Na kitu kimoja hawakukiingiza: mfuko unaotupwa ovyo. Kwao taka nyingi huishia kwenye tanuru la kuzalisha umeme na joto, kwetu huishia pale Dalali Mstaafu alipopataja. Kwa hiyo ukibeba hesabu ya Denmark ukaishusha Jangwani, bondeni Msimbazi, kama ilivyo, umejidanganya.

Sasa daftari la mleta mada. Alianza na 200, amebaki na 131. Wastani ni kama kreti 165 kwa safari, mara safari 16, inakuja kreti-safari 2,640. Gawa kwa 69 zilizopotea: kila kreti moja inayopotea imefanya kazi kama safari 38. Kilo 2 za plastiki kugawa kwa 38, halafu kwa kilo 20 za nyanya, unapata kama gramu 2.6 za plastiki kwa kila kilo ya nyanya iliyofika Dar.

Kreti ambayo ingetumika safari moja ikatupwa ingekuwa gramu 100 kwa kilo. Inayofika safari 100 ni gramu 1. Plastiki ni ile ile, rangi ile ile ya bluu. Kwa hiyo ukiniuliza kreti ni nzuri au mbaya sina jibu, nipe kwanza idadi ya safari.

Kwa safari moja mleta mada anapoteza kama kilo 8.6 za plastiki. Upande wa pili, akiwa na wastani wa tani 3.3 kwenye kreti, tofauti ya kupondeka kati ya tenga na kreti kwa daftari lake ni kama asilimia 12, yaani karibu kilo 400 za nyanya. Hizo kilo 400 zililimwa, zilitiwa mbolea, zilipigwa dawa, zilimwagiliwa, zikapandishwa gari, na zikioza kwenye lundo la jaa la Pugu Kinyamwezi zinatoa methani, gesi ambayo kwa kipimo cha miaka 100 inapasha dunia joto karibu mara 28 kuliko kaboni dioksidi ya uzito ule ule. Kwa mtazamo wangu kreti inashinda, na haishindi kwa kubahatisha.

Na huyo kijana wa kitambulisho mwulizeni anabebea nini sokoni. Ile mifuko ya rangi rangi tuliyoipokea baada ya katazo la tarehe 1 Juni 2019, inayofanana na kitambaa, ni polipropilini. Ni plastiki. Tofauti yake ni uzito na kwamba unaweza kuirudia, kama unairudia kweli.

#5 Mama Genge wa Mbagala

Mhandisi hongera kwa hesabu ila kuna mahali umeniruka.

Hizo kilo 400 unazosema zinaenda Pugu, nani kakwambia zinaenda Pugu? Nyanya iliyopondeka ndiyo masalo. Masalo ndiyo inayotulisha. Mimi naamka saa tisa usiku kuwahi masalo, nanunua ndoo kwa bei ambayo nyanya nzima nisingeigusa, nachambua, nzuri kidogo napanga mafungu, laini wanachukua wa chipsi wanachemsha tomato, iliyobaki nyumbani mboga inapikwa siku hiyo hiyo. Inayotupwa kabisa ni ile iliyoingia maji na kuota ukungu. Mkileta kreti zenu na nyanya zote zikafika nzima, bei itakuwa moja, ya juu. Watu wa fungu tutanunua nini?

Sipingi kreti. Nasema msiite taka chakula cha watu.

#6 Mhandisi wa Taka

Mama Genge, umenikamata na nakubali. Tumezoea kuandika "upotevu" wakati kilichopotea ni bei, chakula chenyewe kipo. Hata takwimu kubwa za dunia zina mtego huu. FAO, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, mwaka 2011 walisema karibu theluthi moja ya chakula hupotea au hutupwa. Mwaka 2019 wakachambua upya, wakasema asilimia 14 hupotea kati ya shamba na kabla ya kufika dukani. Hakuna aliyedanganya, kila mmoja amepima kipande chake.

Nirekebishe basi. Tuseme nusu ya zile kilo 400 inaliwa kama masalo. Inabaki kilo 200 za nyanya dhidi ya kilo 8.6 za plastiki kwa safari. Bado naona kreti inashinda, ila sasa nasema kwa sauti ya chini kuliko mwanzo.

#7 Mzigo wa Kitonga

Mama Genge, usiogope, masalo hayataisha. Nyanya inaivia njiani hata ukiibeba kwenye godoro. Ila umenifundisha kitu, mimi nilikuwa naandika yote "hasara".

Mhandisi, umeweka mbolea na dawa, hujaweka dizeli. Kwenda peke yake natumia zaidi ya lita 100.

#8 Mhandisi wa Taka

Lita moja ya dizeli ni karibu kilo 2.7 za kaboni dioksidi. Lita 100 ni kilo 270. Kutengeneza kilo moja ya plastiki ya kreti ni kama kilo 2, kwa hiyo kreti zako zilizopotea ni kama kilo 17 kwa safari. Unaona mwenyewe mwenye sauti kubwa ni nani. Tunagombana juu ya kreti, injini inanguruma pembeni hakuna anayeigeukia.

Hapo lakini kreti ina kesi ya kujibu. Kreti tupu ikirudi Ilula inachukua nafasi sawa na iliyojaa. Ukilipia gari lirudi na hewa, umeharibu hesabu yote.

#9 Mzigo wa Kitonga

Ndio ugonjwa wenyewe huo. Fuso halirudi tupu, linarudi na saruji, soda, sabuni, vitu vya dukani. Mwenye gari ananiambia kreti zako zinakula nafasi ya mtu anayelipa. Mwanzoni nilinunua zile zisizoingiana, ujinga wa mnunuzi wa mara ya kwanza. Kuna aina nyingine ukiigeuza upande inazama ndani ya mwenzake, na nyingine kuta zake zinalala chini inakuwa kama sinia. Hizo za kulala ni ghali na bawaba zake hazipendi makuli wa Ilala, wakishusha wanatupa.

#10 Mwana wa Kirinyaga

Salamu kutoka Kenya. Nimecheka hapo kwa kilemba, kwa sababu huku gunia la viazi lililoongezwa kichwa tunaliita mukorino, vile linafanana na kilemba cha Waakorino, watu wa dhehebu moja la huku. Sheria yetu inasema gunia la viazi lisizidi kilo 50. Ukienda soko la Wakulima, Nairobi, usiku utaona vile sheria inalala na soko linaamka.

Mimi nalima mishiri (maharagwe mabichi ya kijani) ya kupeleka Ulaya. Kwetu hii vita ya vifungashio inaamuliwa na mtu hajawahi kukanyaga mashamba yetu ya Mwea. Miaka yote wametuambia: kata ncha, pima gramu, weka kwa kisahani cha plastiki, funika na plastiki nyembamba, bandika kibandiko. Zile ncha na zile zilizopinda zinabaki kama lishe ya ng'ombe. Sasa Umoja wa Ulaya umepitisha kanuni mpya ya vifungashio, imeanza kuwa sheria Februari 2025, na kuanzia 2030 plastiki ya kutumika mara moja kwa matunda na mboga mbichi chini ya kilo 1.5 inakatazwa, isipokuwa pale itakapoonyeshwa kuwa bila hiyo mboga inanyauka au inaharibika. Ufaransa walitangulia Januari 2022 na kama aina 30 hivi, halafu wakapelekana kortini, amri ikafutwa, wakaandika nyingine 2023.

Sina shida na hiyo. Ninachoshangaa ni kuwa mishiri inapanda ndege. Mtu wa London anatoa ule mfuko mwepesi anaona ameokoa dunia, na mboga yenyewe imeruka usiku kucha kutoka Nairobi. Jirani yangu wa maparachichi yeye anapeleka kwa meli kutoka Mombasa, kontena la baridi la nyuzi tano sita, hewa yake imepunguzwa oksijeni ili tunda lilale usingizi. Mwezi mzima baharini, na tangu shida ya Bahari ya Shamu ianze mwishoni mwa 2023 meli nyingi zilianza kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, safari ikawa ndefu zaidi. Hiyo kontena nayo ni kifungashio, tena ni ubunifu kuliko hizo kreti na matenga mnayogombania.

#11 Mlowezi wa Leicester

Niko Uingereza mwaka wa kumi na mbili, nimefanya kazi kwenye ghala la mboga. Kuongezea kwa Mwana wa Kirinyaga: 2022 shirika la WRAP la hapa lilitoa matokeo ya utafiti wa bidhaa tano: tofaa, ndizi, brokoli, matango na viazi. Wakakuta kwamba kwa nyingi ya hizo plastiki iliyozifunga haikuongeza siku za maana. Kilichoongeza siku ni baridi. Tofaa kwenye friji ya nyuzi 4 zilikaa miezi miwili na nusu baada ya tarehe iliyoandikwa kwenye pakiti kabla ya kuanza kuharibika. Na pakiti ilikuwa inamlazimisha mtu anunue sita wakati anataka mbili, nne zikaozea jikoni.

Yaani miaka yote hiyo wanauziwa kwa kipimo ambacho mama wa fungu Mbagala alishakikataa zamani. Fungu halina kifungashio, unachukua la leo, unaenda kupika.

#12 Mama Genge wa Mbagala

Ahsante mwanangu wa Leicester. Ila huku hatuna hayo mafriji ya nyuzi 4, umeme wenyewe unakuja kama mgeni. Fungu letu ni dogo kwa sababu hela ni ndogo, usije ukawaambia Wazungu ni mpango.

#13 Mie Mpemba

Nyote mwanzungumza mbao na plastiki kama kwamba dunia haikuwahi kuwa na chengine. Pakacha je? Kuti moja la mnazi, mikono miwili, dakika chache pakacha lishasukwa. Machungwa, maembe, mihogo, vyote vyatoka shamba ndani ya pakacha hadi Darajani na Mwanakwerekwe. Likichoka walitupa chini ya mti, lajiozea, mnazi wajila wenyewe. Na Zanzibar mifuko ya plastiki tuliikataza tangu 2006, bara mlikuwa mwalala.

Tena mwani wetu wasafirishwa mkavu kwa magunia, wenzetu Uingereza, hao Notpla, watengeneza vifungashio kwa mwani na 2022 wakatunukiwa tuzo ya Earthshot. Sie twauza kwa kilo.

#14 Dalali Mstaafu

Pakacha kwa nyanya kutoka Ilula? Ikifika Morogoro utakuwa umebeba supu. Pakacha ni la safari fupi na tunda gumu. Na wahenga wa huko huko kwenu walishasema, kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi. Nyanya mbili tatu zikidondoka njiani dunia haiishi.

#15 Mzigo wa Kitonga

Dalali, hiyo methali nimekaa nayo tangu jana, na nadhani umejifunga nayo mwenyewe.

Nafuu ya mchukuzi, sawa. Mwenye mali je? Tuseme ukweli jinsi mali kauli inavyofanya kazi, maana wengi humu hawajui. Mkulima ananipa mzigo bila hela, nauza Dar, nikirudi namlipa. Tenga zikipondeka, kinachokatwa ni kwake. Mimi nauli yangu iko pale pale, wewe udalali wako uko pale pale, soko limechukua ushuru wake. Na kile kilemba? Mkulima anaongeza juu kilo kadhaa bila bei, halafu hizo kilo ndizo zinazoponda zilizo chini yake, halafu zilizopondeka anakatwa. Analipa mara mbili. Ndiyo maana tenga limeishi miaka yote hii. Aliyeumia alikuwa Ilula amelala, sisi wachukuzi tulikuwa na nafuu.

Nilipoleta kreti, wa kwanza kufurahi alikuwa mkulima, kwa sababu kreti haina pa kuvalia kilemba. Wa kwanza kununa unamjua.

#16 Chumvi ya Bagamoyo

Nimeona moshi. Dalali jibu.

#17 Dalali Mstaafu

Sijanuna. Nimesema ni lugha ya soko, na lugha haibadilishwi na mtu mmoja. Wakala wa Vipimo wamepigana na lumbesa, gunia la kuzidisha kipimo, miaka mingapi? Lumbesa ipo.

Lakini hapo kwenye mali kauli hujasema uongo.

#18 Mtoto wa Dodoma

Mimi nimewahi kufanya mafunzo kwenye kituo cha kilimo, niongeze kitu ambacho hakihitaji plastiki wala mbao. Mhindi alishabuni zamani chumba cha baridi kisicho na umeme: unajenga kuta mbili za matofali, katikati unajaza mchanga, unaumwagia maji asubuhi na jioni, juu unaezeka nyasi. Maji yakikauka yanaondoka na joto. Ni mtungi wa bibi, umekuzwa tu. Nigeria kuna mwalimu, Mohammed Bah Abba, alifanya vivyo hivyo kwa vyungu viwili na mchanga wenye maji, akapata tuzo ya Rolex mwaka 2000.

Tahadhari: kinafanya kazi penye hewa kavu. Dodoma safi, Iringa kiangazi safi. Ukikijenga Dar utapata joto lenye unyevu, nyanya ziote ndevu.

Kwa mleta mada, nadhani nusu ya hasara yako inaanza kabla ya fuso. Nyanya inachumwa mchana, inakaa juani ikisubiri gari. Ichume alfajiri, ichume ikiwa inaanza kugeuka rangi, iwekwe kivulini. Usiipeleke kwenye friji kali pia, nyanya haipendi chini ya nyuzi 10, inapoteza ladha na haiivi vizuri.

#19 Mzigo wa Kitonga

Mtoto wa Dodoma, hapo umegusa. Kuna siku gari lilichelewa saa sita, kreti hazikuniokoa, niliuza masalo tupu. Mama Genge sijui ulikuwepo siku ile.

#20 Mama Genge wa Mbagala

Nilikuwepo. Mungu akuzidishie kuchelewa.

#21 Mhandisi wa Taka

Nirudi kwenye swali la mleta mada, kwa sababu naona jibu limeshatokea humu ndani bila kutajwa. Kreti si ubunifu. Plastiki ya namna hiyo ina miongo mingi. Ubunifu ambao hatujaufanya ni wa kuirudisha.

Na hatuhitaji mtaalamu kutoka nje. Kila mtu humu akiwa mtoto alitumwa soda dukani na chupa tupu mkononi. Bila chupa, unalipia chupa, ukiirudisha unarudishiwa hela. Kreti ya soda imezunguka nchi hii hadi vijiji visivyo na barabara, na ni wachache waliothubutu kuifanya kiti kwa sababu ilikuwa na hela ya mtu ndani yake. Tulipokuja kwenye chupa za plastiki za kunywa na kutupa ndipo mitaro ilipojaa.

Kreti zako 69 zimepotea kwa sababu hazikuwa na hela ya mtu ndani. Mnunuzi wa jumla anaondoka nayo bure. Mwekee amana. Upotevu ukishuka nusu, kreti inafika safari kama 76, plastiki inashuka hadi gramu 1.3 kwa kilo ya nyanya. Huo ni uchafuzi ambao hata mbele ya yule kijana wa kitambulisho ningekusimamia.

Ambacho siwezi kukusimamia ni kuitupa kreti ikipasuka. Ikusanye, hiyo ni plastiki nzito ya aina moja, wasagaji wanainunua kwa kilo. Tenga lina bahati ya kuwa kuni, kreti ikichomwa jikoni inamuua mama lishe taratibu.

#22 Mzigo wa Kitonga

Amana nilishaifikiria. Mnunuzi anakuja na hela ya mzigo tu, ukimwongezea hela ya kreti anahamia kwa jirani mwenye tenga. Nikiweka peke yangu nimejifukuzia wateja. Iwekwe na mtu ambaye wanunuzi wote wanapita kwake.

Yaani dalali.

#23 Chumvi ya Bagamoyo

Hahahaha.

#24 Dalali Mstaafu

Nilijua tu mtanifikisha hapa.

Haya. Nina wanunuzi kama kumi wa kudumu, wale hawahami kwa sababu ya elfu mbili tatu. Hao naweza kuwaandikia: kreti ngapi imetoka, ngapi imerudi, isiyorudi siku ya tatu inakatwa kwenye mzigo unaofuata. Sitaki amana ya hela mkononi, hela mkononi italeta ugomvi na makuli. Ila udalali wangu utauhesabu kwa kreti, siyo kwa kilo, na bei ya kreti tutakubaliana kwanza mimi na wewe, maana kreti mbili hazifiki tenga langu lenye kilemba. Hilo silifuti.

Wengine wa kupita njia endelea kuwauzia kwenye matenga. Jumamosi njoo saa kumi alfajiri, uje na daftari, siyo simu.

#25 Mzigo wa Kitonga

Nakuja. Naanza na kreti 60, nyingine nabaki nazo. Zikirudi 58 baada ya wiki mbili nitaleta mrejesho hapa hapa, zikirudi 40 pia nitaleta.

Ile ya muuza kahawa tuihesabu kwa nani?

#26 Dalali Mstaafu

Ile mwachie. Nami huwa naikalia.